"Ulipanda Mwenyewe" Si Jibu

Wiki iliyopita nilikaa kwenye kikao cha usuluhishi Mikindani, Mtwara, na hasira haijaniisha. Mama mmoja kavunjika mguu akiwa nyuma ya bodaboda. Kijana alitaka kulipita lori la korosho kwenye kona. Wazee wakazungumza, kijana akatoa elfu hamsini ya pole, kisha shangazi mtu akafunga mjadala: "Mwanangu, ajali haina kinga. Na pikipiki ulipanda mwenyewe."

Alipanda mwenyewe, ndiyo. Alipanda ili afike mjini na nauli akatoa. Nani alimwambia kwamba kwa nauli ile ameridhia kupitishwa mbele ya lori mahali ambapo dereva haoni kinachokuja? Anayebeba watu kwa malipo anadaiwa na sheria uangalifu kwa kila aliyembeba. Sheria haimtaki awe mdhamini wa kila baya. Mbuzi akichomoka porini ghafla na dereva alikuwa mwendo wa wastani, huenda hana kosa. Inachouliza ni kama aliendesha vile ambavyo dereva makini angeendesha. Kona ile aliiona, lori aliliona, akaamua kupita. Tusimsingizie Mungu uamuzi wa mtu.

Msingi huu ni wa zamani. Mwaka 1932 majaji wa London, katika kesi ya Donoghue na Stevenson, walisema ujihadhari usimdhuru yule unayeweza kuona kwamba kitendo chako kitamgusa. Kesi ilihusu chupa ya kinywaji, lakini mahakama zetu nazo hupima uzembe kwa kipimo hicho. Sasa ni nani yuko karibu na dereva kuliko mtu aliyemshika kiuno?

Najua vijana wanabanwa na hesabu ya tajiri, yaani pesa wanayompelekea mwenye pikipiki. Najua pia mafuriko ya 2024 yalikata barabara kule Somanga, Lindi, na hilo hakuna dereva wa kulaumiwa. Ila barabara mbovu inamdai dereva uangalifu zaidi, haimpunguzii. Na tajiri asijifiche: dereva aliyemwajiri akizembea akiwa kazini, hata yeye anaweza kushtakiwa. Abiria anayekataa helmeti naye ajue fidia yake inaweza kupunguzwa.

Kinachoniuma zaidi ni hizi karatasi za "tumemalizana" tunazowasainisha watu wenye maumivu, kabla daktari hajasema mguu utapona au la. Madai ya uzembe yana miaka 3 ya kufunguliwa. Haraka ya nini? Mgonjwa achukuliwe PF3, ile fomu ya matibabu ya polisi, atibiwe, mashahidi waandikwe majina. Chombo cha biashara kinatakiwa kuwa na bima inayomhusu abiria, na siku hizi unaihakiki kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukiwa na namba ya usajili wa chombo tu. Pale kikaoni namba hiyo hakuna aliyeiuliza.