Tuhesabu mikoko iliyosimama, si iliyopandwa

Kila Julai 26, Siku ya Kimataifa ya Mikoko, pwani za Unguja na Pemba hujaa watu wenye vijiti mikononi, yaani mbegu ndefu za mikoko. Vijiti vinachomekwa, idadi inatangazwa, picha zinapigwa. Kurudi bamvua (maji makubwa ya bahari) la mwaka wa pili kuvihesabu, hapo ndipo watu wanapopungua.

Mikoko si mti mmoja. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyosimama kama miguu ya kaa, ukishakomaa hauna macho ya kuchipulia. Ukikata shina umeua mti. Basi anayekata boriti moja na kuahidi kupanda miche kumi hajalipa deni lolote, mpaka miche hiyo iwe miti.

Na mizizi ikifa, tope linalegea. Maji ya bamvua yanalichota kidogo kidogo, mwisho njia ya kwenda bondeni kwenye mpunga iko wazi. Kisiwa Panza, kule Pemba, wakulima wanaijua vizuri chumvi inayoingia mashambani: mpunga unaungua ncha za majani, unabaki mfupi, punje zinatoka pepe. Bahari nayo inapanda, hilo si kosa la mwenye shoka wa kijijini. Lakini kukata mikoko wakati bahari inapanda ni kung'oa mlango msimu wa wezi. Wanaotegemea tuta la kuzuia bahari peke yake nao waangalie: tuta likizuia maji kupwa na kujaa, mikoko iliyobaki nyuma yake inakufa imesimama.

Hasara haiishii bondeni. Tope la mikoko halina hewa, kwa hiyo majani na mizizi iliyozama humo haiozi upesi. Kaboni inakaa chini kwa mamia ya miaka. Tope likifukuliwa na kupigwa na hewa, inatoka na kuwa hewa ya ukaa, na hiyo haijui mpaka wa shehia wala wa nchi.

Upandaji unafeli kwa sababu zinazojulikana. Kubwa ni mahali. Watu hupanda kwenye tope tupu la mbele, au juu ya majani ya bahari, kwa kuwa huko hakuna mwenyewe wa kugombana naye. Kumbe ni tupu kwa sababu maji yanakaa mno: kijiti kinazama muda mrefu, viumbe vidogo vya baharini vyenye magamba magumu vinakigandia, wimbi linakilaza. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mkandaa unataka juu zaidi, karibu na nchi kavu. Mlilana ndio wa mbele.

Kijiti cha mkoko huchukuliwa kikiwa kimekomaa. Alama yake ni pete ya rangi ya manjano pale kinapoungana na tunda. Ukilazimika kukivuta kwa nguvu, bado. Kiweke kivulini siku chache, kwani kikiwa kibichi kaa hukishambulia zaidi. Chomeka theluthi moja, ncha chini, chipukizi juu. (Wako wanaochomeka kichwa chini, na huhesabiwa vilevile.) Kwa mita moja kwa mita moja, hekta inachukua vijiti 10,000, kwa mita mbili, 2,500 vinatosha. Mara nyingi hata hivyo havihitajiki: barabara iliyokata mkondo ikiwekewa kalavati la kutosha, na miti mama ikiwa jirani, maji yenyewe huleta mbegu.

Linabaki suala la mahitaji, nalo haliondoki kwa semina. Boriti za mikoko ndizo zilizopima vyumba vya Mji Mkongwe. Vyembamba vile kwa sababu boriti haikufika mbali zaidi. Leo kuna kuni, kuna matanuu ya chokaa, kuna fito za kujengea. Mvinje unaweza kubeba sehemu ya mzigo huo, unakua haraka hata penye mchanga. Ila usiuchimbie ardhini ukategemea miaka kama ya mkoko, mchwa hawauachi. Upeleke juu, kwenye paa, na nguzo za chini zisimame juu ya jiwe au saruji. Fundi asipoambiwa hivyo mapema, nyumba ya kwanza ikilala tu, mtaa mzima utarudi mikokoni.