Betri ya Leaf kuukuu: imezeeka, au inaugua?

Kobe alitokea kwenye dashibodi tukiwa tumeshapita Gitaru, njia ya kwenda Limuru. Ni taa ndogo yenye umbo la kobe, na kwenye Nissan Leaf, ambalo ni gari la umeme, maana yake ni kwamba gari limejipunguzia nguvu ili kuilinda betri. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Muda mfupi kabla ya hapo mita ya chaji ilisoma asilimia 34. Mlima ulipoanza ikaruka hadi 15, kisha huyo kobe. Tukaegesha pembeni, malori yakitupita, na baada ya kupumzika kidogo mita ikapanda tena yenyewe.

Kesho yake gereji moja ikamwambia, bila kuchomeka kifaa chochote: "Mwalimu, betri imekufa. Tafuta nyingine ama uuze gari."

Ushauri huo unaweza kuwa sahihi kwa gari jingine. Kwa gari la Mwalimu ulitolewa kabla ya kipimo, na hapo ndipo wenye Leaf za zamani wanapopoteza pesa. Swali la kubadilisha au kutobadilisha huulizwa mapema mno. La kwanza ni hili: betri imezeeka yote kwa pamoja, au kuna kipande kimoja kinachougua? Majibu haya mawili yanapeleka mtu njia tofauti kabisa, na kila moja ina gharama yake.

Leaf ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2010 ikiwa na betri ya uniti 24, yaani kilowati-saa 24. Ni sanduku la chuma la karibu kilo 300, limefungwa chini ya sakafu ya gari. Ndani yake mna moduli 48, na kila moduli ina seli nne. Seli hizo 192 zimeunganishwa mbili mbili, kisha jozi 96 zikapangwa mfululizo mpaka zikatoa volti 360 hivi, na karibu 400 zikijaa. Kwa kuwa zimepangwa mfululizo, mkondo uleule hupita katika jozi zote. Jozi moja ikidhoofika, ndiyo inayoisha kwanza, na kompyuta ya betri ikiona volti zake zimegusa kikomo, inalibana gari zima hata kama zile 95 bado zina chaji. Huko ndiko kuugua.

Kuzeeka kunakuja polepole, na kunazigusa seli zote. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna mistari midogo 12 inayoonyesha uwezo uliobaki. Mstari wa kwanza hupotea betri ikishuka chini ya asilimia 85, na kila unaofuata huchukua asilimia 6 na kidogo. Ukibaki na mistari 8, una theluthi mbili tu za uwezo wa betri ilipokuwa mpya. Joto ndilo linaloharakisha mambo, kwa sababu betri hii haina mfumo wa kuipoza kwa maji wala kwa feni. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba mistari inapotea wakati magari yao hayajafika hata miaka miwili, na kelele hizo zikachangia kampuni kuongeza dhamana ya uwezo wa betri: miaka 5 au maili 60,000. Nairobi ina bahati ya ubaridi wake. Anayeliegesha Leaf juani Mombasa kutwa nzima ana haki ya kuwa na wasiwasi zaidi.

Magari tuliyo nayo yalikuja kutoka Japani yakiwa yametumika, kwa hiyo sehemu ya uzee huo haikupatikana hapa. Sheria ya Kenya inayokataza kuingiza magari yaliyozidi miaka 8 sasa imezifungia Leaf za kizazi cha kwanza, ambacho kilikoma 2017. Zilizomo nchini ndizo hizo, na zinaendelea kuzeeka. Wengi waliuziwa kwa maneno ya "inaenda kilomita 200". Namba hiyo ni ya kipimo cha Kijapani, gari likiwa jipya. Wamarekani waliipima Leaf ya 2011 wakapata kilomita 117, nayo pia ikiwa mpya. Na kuna wauzaji wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili mistari yote 12 irudi kuwaka kwa muda. Mnunuzi anafurahi, halafu baada ya majuma machache ya kuchaji mistari inaanza kutoweka mmoja mmoja.

Turudi kwa Mwalimu. Jambo la kwanza tulipima betri ndogo ya volti 12, maana ikichoka huwasha taa za onyo chungu nzima na kumfanya mtu aililie betri kubwa bure. Ilikuwa nzima. Kisha tukachomeka kifaa kidogo kwenye soketi ya chini ya usukani, tukafungua kwenye simu LeafSpy, programu inayosoma kompyuta ya betri, na mwanawe akaendesha kupanda kilima cha karibu huku mimi nikiangalia. Gari likiwa limesimama, nguzo zote 96 kwenye kioo cha simu, kila moja ikionyesha volti za jozi moja, zilikuwa karibu sawa. Alipokanyaga, zote zikashuka kidogo pamoja, isipokuwa moja. Hiyo moja ilizama. Wenzake walikuwa kwenye volti 3.7, yenyewe 3.1. Alipoachilia, ikarudi juu kujiunga nao kana kwamba hakuna kilichotokea. Afya ya betri kwa jumla ilikuwa kama asilimia 70, mistari 9. Si betri changa, lakini haikuwa maiti. Kupandisha gari la tani moja na nusu mita 500 juu kunakula uniti 2 kwa kazi ya mlima peke yake, na gari hili lilikuwa na uwezo huo mara kadhaa. Kilichokosekana kilikuwa katika jozi moja.

Wanaotetea kubadilisha betri nzima wana hoja nzito, na siwezi kuzipuuza. Ukibadilisha moduli moja kwenye betri ya miaka zaidi ya 10, zilizobaki ni za umri uleule, zimepita njia ileile na joto lilelile. Mwenye Prius ya zamani, lile gari la Toyota la petroli na betri, anaujua mchezo huu: leo moduli ya tatu, baada ya miezi michache ya kumi na moja, na kila mara fundi anafungua na anatoza. Pia moduli mpya haisaidii chochote ikiwa bora kuliko wenzake, kwa sababu kikomo kinabaki kwa aliye dhaifu anayefuata. Kwa betri iliyozeeka yote, kuchezea moduli ni kutupa pesa, na hapo nipo upande wao bila kusita.

Tatizo ni bei. Mwaka 2014 Nissan ilitangaza Marekani betri mpya ya uniti 24 kwa dola 5,499, ukirudisha ya zamani. Mwaka 2018 huko Japani ikaanza kuuza iliyofanyiwa ukarabati katika kiwanda cha mjini Namie, Fukushima, kwa yeni 300,000, wakati mpya ilikuwa 650,000. Mpango huo wa yeni 300,000 ni mzuri kweli, ila ulikuwa wa wateja wa Japani. Sisi tunaongeza meli na kodi, na meli yenyewe haikwepeki, kwani tangu 2016 betri za litiamu hazibebwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Watu husema bei za betri zimeanguka duniani, na ni kweli: makadirio ya 2024 ya BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, yalikuwa wastani wa dola 115 kwa uniti. Lakini hiyo ni bei ya kiwanda kinachonunua kwa maelfu. Mtu mmoja anayetafuta betri ya Leaf ya 2013 haipati kwa dola 2,760.

Tupige hesabu. Chukua lita ya petroli kwa shilingi 180 na gari dogo linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100: shilingi 1,260. Leaf itatumia uniti 18 hivi, ukihesabu zinazopotea wakati wa kuchaji, na hata kwa shilingi 30 kila uniti ni 540. Unaokoa kama 700 kila kilomita 100. Mwalimu anatembea kilomita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anaokoa 63,000. Dereva wa teksi anayekimbiza kilomita 150 kwa siku hizohizo anaokoa zaidi ya 300,000. Betri nzima inamlipa dereva. Mwalimu ataisubiri miaka mingi mno, kwenye gari ambalo vitu vingine navyo vinazeeka.

Ndiyo maana kwa dereva wa teksi ningeshauri kitu kikubwa zaidi: betri ya uniti 40, ya Leaf za kuanzia 2018, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa. Inaingia katika nafasi ileile na uzito wake hautofautiani sana. Haikubali tu kuchomekwa na kuondoka, kwa kuwa kompyuta ya gari haiitambui, na inahitaji kifaa cha kutafsiri mawasiliano kati yao. Chaja ya ndani ya uniti 3.3 kwa saa itachukua saa 12 kuijaza. Na tundu la kuchaji kwa kasi litabaki lile la CHAdeMO, plagi ya Kijapani, wakati nyingi kati ya chaja za kasi zinazojengwa sasa zinatumia plagi nyingine. Usitoe pesa kabla ya kuona kipimo cha kila jozi, gari likiwa chini ya mzigo, kimepigwa picha pamoja na namba ya betri.

Kuhusu nani aifungue, sina pande mbili za kupima. Volti 400 za mkondo mnyoofu zinaua, na cheche yake haizimiki kirahisi. Kung'oa plagi ya usalama, ile ya rangi ya chungwa, na kusubiri zaidi ya dakika 10 kunatuliza nyaya za gari, lakini moduli zilizomo ndani bado zina umeme wake. Fundi asiye na glavu za volti kubwa, spana zilizofunikwa na meza ya kuteremshia kilo 300, hata awe hodari kiasi gani kwa injini, muage kwa heshima.

Njia ya tatu ni kuliacha gari lilivyo, na inastahili heshima kuliko inavyopewa. Betri yenye mistari 7 isiyo na jozi mgonjwa bado inapeleka watoto shule, sokoni na kurudi. Na ikishindwa kabisa barabarani, ina maisha mengine: tangu 2018 uwanja wa Johan Cruijff ArenA wa Amsterdam unahifadhi umeme katika betri 148 za Leaf, mpya kwa zilizotumika. Theluthi mbili za uniti 24 ni akiba kubwa kwa nyumba yenye sola.

Mwalimu alichagua kubadilisha moduli moja, ile yenye jozi iliyozama. Tulitafuta iliyolingana na wenzake kwa uwezo, si mpya, na fundi aliichaji hadi volti zikawa sawasawa kabla ya kuiunganisha, kwa sababu kompyuta ya Leaf husawazisha kwa mkondo mdogo sana na ingechukua muda mrefu. Tulipanda tena Limuru, safari hii mita ikashuka taratibu. Mistari ni 9 bado. Nimemwambia kwamba jozi nyingine ikianza kuzama mwaka huu, asirudie. Auze au anunue nzima. Amekubali, na kila mwezi anapanda kilima kilekile simu ikiwa imechomekwa.

Moduli iliyotolewa iko kwenye rafu ya fundi, ndani ya kasha la mbao, ncha zake zimefungwa tepu. Hajapata bado mtu wa kuipokea kwa maandishi.