Kengele ya saa kumi alfajiri haimfundishi mtoto chochote

Kuna shule za bweni hapa Kenya ambako anayeamka saa kumi na moja huonekana mvivu. Kengele hulia saa kumi, pengine mapema kuliko hapo, watoto wakakimbilia prepu, kipindi cha kujisomea, na sweta zao, halafu mwalimu wa zamu akaanza kugonga madawati kuwazindua waliosinzia. Shule ikitia fora katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwalimu mkuu akiulizwa siri ni nini atataja maombi, nidhamu na kuamka mapema. Hilo la tatu ningelifuta, wala si kwa huruma. Nikisoma yanayojulikana leo kuhusu ubongo wa kijana, naona shule hizi zinafaulu licha ya kengele yao.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapokutana, kuna kishada kidogo cha seli kinachoendesha saa ya mwili. Hicho ndicho kinachoamua melatonini, homoni inayoandaa mwili kulala, ianze kumwagika wakati gani. Mtoto akibaleghe, saa hiyo huchelewa. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, amelichunguza jambo hili kwa miongo kadhaa, akipima hata melatonini iliyomo kwenye mate ya vijana. Wa miaka 16 hasinzii wakati uleule aliokuwa akisinzia akiwa na miaka 10, hata ukimzimia taa. Na bado madaktari wa usingizi wanasema anahitaji kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi kila siku. Sasa piga hesabu: prepu ya usiku imeisha saa nne, usingizi umemchukua saa tano, kengele imelia saa kumi. Amepata usingizi wa muda wa saa tano.

Wazee watasema ni simu zinazowachelewesha vijana kulala. Bwenini simu ni marufuku, lakini tuliache hilo, kwa sababu kuna ushahidi mzuri zaidi na umetoka hapa jirani. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti waliofanya kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, kwenye kambi zisizo na umeme. Watu wazima 33 walivaa mkononi vifaa vya kupima mwendo kwa siku 20. Ukijumlisha nyakati zote ambazo wote 33 walikuwa usingizini kwa pamoja, unapata dakika 18 tu! Wenye umri mkubwa walilala mapema na kuamka mapema, wenye umri mdogo wakachelewa, na watafiti wanaona kwamba tofauti hiyo ilikuwa ulinzi wa kambi: daima kuna aliye macho. Kweli, Wahadzabe hawalali sana usiku, na mtetezi wa kengele anaweza kunishika hapo. Lakini hao waliopimwa ni watu wazima, na hakuna anayewagongea bati.

Kinachopotea katika usingizi uliokatwa ndicho hasa wazazi wanachokilipia karo. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walisikiliza seli za hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya. Seli zilizokuwa zikiwaka pamoja panya alipotembea mahali fulani zilirudia kuwaka pamoja alipolala, kana kwamba anapita njia ileile tena. Tangu hapo tafiti nyingi, za wanyama na za binadamu, zimeonyesha kwamba somo la mchana hukazwa usiku. Usingizi wenye ndoto nyingi nao hujazana theluthi ya mwisho ya usiku, palepale kengele inapopiga shoka. Kwa hiyo unamwamsha mtoto asome kemia, na kwa kumwamsha unaivuruga ile kemia aliyofundishwa jana.

Kuna na hasira. Mwaka 2007 kundi la mtafiti wa usingizi Matthew Walker liliwapiga picha za ubongo vijana waliokeshwa, wakionyeshwa picha za kuudhi. Amigdala, sehemu inayoshughulika na hofu na hisia kali, ilishtuka kwa asilimia 60 zaidi kuliko ya wenzao waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuliza, yalikuwa yamelegea. Sisemi migomo ya shule zetu inasababishwa na usingizi. Ina mizizi mingi. Ila ukiwa na vijana mia sita wasiolala ndani ya ua mmoja, usishangae jibu la kijeuri.

Mji wa Seattle ulisogeza masomo ya sekondari kutoka saa 1:50 asubuhi hadi saa 2:45 mwaka 2016. Wanafunzi waliopimwa waliongeza dakika 34 za usingizi kwa siku; hawakuchukua nafasi hiyo kukesha zaidi, kama wengi walivyohofia. Huko mtoto hulala kwao na shule haina usemi juu ya taa ya chumbani. Shule ya bweni inashika taa na kengele pia, ndiyo maana siioni sababu ya kushindwa.

Na hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimewapangia wanafunzi wa bweni muda wa kulala: kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Usingizi wa muda wa saa nane na nusu, kwa maandishi. Mzazi atakayekwenda kwenye mkutano wa wazazi muhula huu na aulize kengele ya kwanza inalia saa ngapi. Akijibiwa kwamba ni saa kumi, aombe kuonyeshwa kanuni iliyoruhusu.