Vikaratasi chini ya pete ya lenzi

Ukifungua pete ya lenzi ya FED-2 au Zorki-4, kamera za filamu za Kisovieti, chini yake unakuta vikaratasi vyembamba: kimoja, au vitatu, au vipande tu vya upande mmoja. Bodi mbili za modeli ileile hazilingani, na kijitabu cha matumizi hakisemi lolote. Ndipo ubishi unapoanza. Kuna mafundi wanaoona huo ni uchakachuaji wa fundi aliyetangulia: kamera za modeli moja zifanane, safisha, tupa, funga pete ikae kavu. Wengine wanasema vimetoka kiwandani na haviguswi kabla ya kupima.

Wanaoshuku wana sababu. FED na Zorki nyingi zimechongwa upya zikauzwa kwa jina la Leica ya Kijerumani, na kamera iliyopita mikono mitano huwa na spea za kila namna. Tena mteja wa Makoroboi, Mwanza, halipii saa nzima ya kupima.

Lakini wanachokosa kuona ni kwamba vikaratasi vyenyewe ndivyo vinavyoleta ulinganifu wanaoutaka. Lenzi za uzi wa M39 (wa kipenyo cha milimita 39), kama za kamera hizi, zinahitaji milimita 28.8 kutoka uso wa pete hadi filamu. Bodi hazikutoka zikiwa sawa hadi sehemu ya mia ya milimita, kwa hiyo pungufu ya kila moja ilijazwa kwa karatasi. Idadi inatofautiana ili kipimo kisitofautiane. Hata Leica, ambayo hakuna anayeishuku, ilibadilika ikiwa njiani: M3 ya 1954 mkono wake wa filamu ulivutwa mara mbili kwa kila picha na bamba la kubana filamu lilikuwa la kioo, za baadaye zinavutwa mara moja na bamba ni la chuma.

Kipimo chenyewe tukitazame vizuri, maana hapa ndipo picha zinapoharibika. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ya gramu 80, ina unene wa karibu milimita 0.1. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/2, yaani tundu pana, inavumilia kosa la kama 0.06 tu kila upande wa filamu. Toa karatasi moja ya unene huo na umeshavuka mpaka. Lenzi inasogea karibu na filamu, fokasi inakimbilia nyuma: umeweka lenzi mita 3 kwa ajili ya bibi harusi, ukali unaangukia mita 3.4, kwa mpambe aliyesimama nyuma yake. Kuzungusha skrubu ya renjifainda, yaani kipima umbali, hakuponyi kosa hili: vilima vya ng'ambo havitakuwa vikali lenzi ikifika mwisho.

Jua la Mwanza linaficha kosa hili, na nadhani ndiyo maana ubishi hauishi. Mchana pale Bismarck Rock, kwa filamu ya ISO 200 unapiga 1/500 na f/11, tundu dogo. Kwenye f/8 tu uvumilivu umeshafika 0.24, kwa hiyo karatasi iliyopotea haionekani. Fundi anaonyesha picha za mchana, anasifiwa. Jioni ukumbini, kwa f/2, lawama zinakwenda kwa filamu.

Kisha kuna unyevu wa ziwa. Kuvu ikiingia kwenye lenzi ya Jupiter-8, fundi anafungua kitalu cha vioo kutoka kwenye mwili wa lenzi, na hapo kati kuna pete nyembamba ya chuma yenye kazi ileile. Inadondoka mezani, inaonekana kama washa isiyo na kwao. Ikipotea, bodi ni nzima lakini lenzi ndiyo inayodanganya.

Kupima hakuhitaji mashine. Mgongo wa FED-2 na wa Zorki-4 unatoka wote. Zungusha kitufe cha kuvutia filamu kwanza ndipo uhamishe kasi kwenda B (ya kuacha shata wazi), kamwe usianze na kasi, kisha zuia shata wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kufuli. Laza kipande cha kioo bapa kwenye reli za filamu, upande unaotazama lenzi ukiwa umebandikwa selotepu isiyong'aa. Weka lenzi mwisho wa mbali, f/2, ulenge jengo lililo zaidi ya kilomita moja. Kutoka Capri Point, majengo ya kilima cha Bugando yanafaa, asubuhi kabla joto halijaanza kutetemesha hewa. Tazama kwa lenzi ya mkononi, katikati na pembe zote nne. Pembe moja ikififia kuliko nyingine, vile vipande vya upande mmoja vilikuwa na sababu. Renjifainda iguswe baada ya hapo tu.

Usitumie lenzi ya M39 isiyojulikana kama kipimo cha FED za kabla ya vita. Kila lenzi ya hizo ililinganishwa na bodi yake, kwa hiyo kuilazimisha bodi 28.8 ni kuivunja ndoa yao. Ikija ikiwa na lenzi yake, vikaratasi vibaki kama vilivyo, na viwili hivyo visiuzwe mbalimbali.