Wapiga Picha wa Ndege Nairobi: Ada Langoni, Madhara Kiotani

Ukifika kwenye lango la msitu au bustani ya umma hapa Nairobi ukiwa na simu tu, unalipa kiingilio na kupita. Ukifika na kamera yenye lenzi ndefu begani, mlinzi anakusimamisha. Hiyo ni ya biashara? Kibali kiko wapi? Swali hilo limezua ugomvi wa muda mrefu kati ya wasimamizi wa maeneo haya na wapenzi wa picha za ndege na wanyama, hasa vijana waliojinyima miezi kadhaa ili kununua lenzi ya mtumba. Mimi ni mmoja wa wapenzi hao, na bado naona pande zote mbili zinagombania jambo dogo. Ukubwa wa kamera hausemi lolote kuhusu madhara yake kwa kiumbe anayepigwa picha.

Wasimamizi tuwape haki yao kwanza. Msitu wa Karura una hekta zipatazo 1,041. Ua wa umeme, askari wa doria, njia na madaraja vyote vinataka pesa za kutunzwa. Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907, ina hekta 30 hivi, na Jumamosi moja yenye harusi kadhaa inatosha kuifanya ukumbi wa sherehe. Maharusi, wasimamizi wao, watu wa taa na watu wa video huziba njia, na mzee aliyekuja kunyoosha miguu analazimika kuzungukia kwenye nyasi. Anayetumia eneo la umma kujipatia riziki, tena akawanyima wengine nafasi, anapaswa kulipa zaidi. Sioni pa kubishana.

Shida inaanza pale mpiga picha wa ndege anapotiwa kapu moja na watu wa harusi. Huyu huja peke yake, au na mwenzake mmoja, akakaa chini ya mtini saa mbili akimngoja ndege ashuke kula matunda. Mara nyingi picha hiyo haimpi hata shilingi. Inachozalisha ni kumbukumbu: ndege fulani alionekana mahali fulani, tarehe fulani. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazojaza ramani ya ndege wa Kenya, kazi inayobebwa na watu wa kujitolea. Nature Kenya, chama cha wapenzi wa viumbe na mazingira chenye mizizi tangu mwaka 1909, kimekuwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi tangu miaka ya 1970, yaliyoongozwa na Fleur Ng'weno kwa miongo mingi. Zamani aliyekosa wa kumfundisha namna hiyo aliishia kusema "nimeona kandege ka kijani." Siku hizi anapiga picha, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla hajafika stejini ameshapewa jina, umri na jinsia ya ndege wake.

Karura yenyewe ina deni kwa kamera. Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miti kupinga kunyakuliwa kwa msitu ule, walishambuliwa na kujeruhiwa. Waandishi wa habari walikuwapo, na picha za damu ile zilizunguka dunia. Msitu ulisalimika kwa sababu nyingi, lakini ingekuwa vigumu zaidi kuutetea kama siku ile kusingekuwa na mtu wa kupiga picha.

Sasa nigeukie upande wetu, ambao wapiga picha wengi hatupendi kuuzungumzia. Mchukue Narina, yule ndege wa Karura mwenye mgongo wa kijani kinachong'aa na tumbo jekundu. Hukaa kimya katikati ya majani, kakupa mgongo, na unaweza kupita chini yake usimwone. Njia ya mkato ni kucheza sauti yake kwenye simu. Dume akisikia anadhani ameingiliwa katika eneo lake. Anashuka hadi tawi la karibu, anavimbisha koo, mkia unatikisika kila anapoita, "huu, huu," akimtafuta adui asiyekuwapo. Picha inatoka safi. Lakini dakika zile zote hakula, na kama ana makinda, hakuwalisha. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja huenda pasiwe na neno. Ila sauti ikichezwa chini ya mti uleule kila wikendi, na kila kundi likidhani ni la kwanza, ndege atafanya nini isipokuwa kuhama au kuchoka?

Viota ni balaa zaidi. Wako wanaokata vijitawi ili kinda aonekane vizuri, kisha wanaondoka na kuacha kiota kwenye jua na mbele ya macho ya kunguru na kima, ambao hawachagui kati ya yai na tunda. Yupo pia tai mwenye kishungi, yule mkubwa anayewinda nyani wadogo na paa katika misitu yetu. Kwa kawaida jozi moja hulea kinda mmoja tu kila baada ya miaka miwili, maana kinda huendelea kuwategemea wazazi miezi mingi hata baada ya kuruka. Jozi ikiacha kiota kwa kusumbuliwa, kitu kilichopotea ni zao la miaka miwili. Bundi naye hupigwa flashi usoni usiku, kwa macho yaliyoumbwa kuona gizani.

Angalia tena orodha hiyo. Sauti inachezwa kwa simu. Kijitawi kinakatwa kwa mkono. Kule City Park, bustani ya umma ya jiji, kima wamezoea ndizi na karanga za watu wanaotaka kupiga nao picha, na wanaowalisha wengi wao wana simu tu. Kima aliyezoeshwa hivyo hujifunza kunyang'anya mikoba na kuuma, na mwishowe yeye ndiye anayeitwa msumbufu. Mwenye lenzi ndefu ana sababu ya kukaa mbali, kwani lenzi inamsogezea ndege. Mwenye simu lazima asogee mwenyewe. Ada ya langoni haigusi lolote kati ya haya. Nimeulizwa kibali mara nyingi; sijawahi kuulizwa kama nitacheza sauti za ndege.

Swali gumu kuliko yote ni la kutaja mahali. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, ni makao ya vifaru weusi na weupe, na picha ya simu inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa bila mpigaji kujua. Kwa kifaru, anayewindwa na majangili, sina mjadala: futa alama hiyo, usitaje bonde wala saa. Kwa ndege mambo hayako wazi hivyo. Wanaodai usiri wana hoja nzuri, kwa sababu kiota kikitangazwa leo, kesho kina foleni. Wanaoupinga nao hawakosei. Usiri huwafaa wenye pesa za kumlipa mwongoza wageni anayejua kila mti, na kijana wa Kayole anayetaka kumwona bundi kwa mara ya kwanza anabaki nje. Kwa mtazamo wangu, taja msitu, ficha mti, na picha za kiota zingoje hadi makinda waruke. Kijana yule atatafuta mwenyewe, na akimpata bundi atakuwa amejifunza msitu mzima njiani.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linahusu kile tunachochagua kupiga. Picha maarufu kuliko zote za mbuga ile ni ya twiga au simba na nyuma yake maghorofa ya jiji. Lenzi ndefu huyavuta majengo karibu hadi mtu adhani twiga anakula majani ya barabarani. Ni picha nzuri, na imewasaidia Wakenya wengi kutambua kwamba mbuga ni mali yao. Lakini ili kuipata lazima utazame kaskazini, palipo na ua. Uhai wa mbuga uko kusini, upande ulio wazi kuelekea Kitengela na nyanda za Athi-Kaputiei, ambako nyumbu walihesabiwa zaidi ya 26,000 mwaka 1978 na chini ya 3,000 mwaka 2011, huku mashamba yakigawanywa na kuzungushiwa seng'enge. Ploti yenye seng'enge haina mvuto, kwa hiyo ni wachache wanaoipiga picha. Natamani wapiga picha wetu wageuke mara mojamoja, maana ushahidi wa upande huo utahitajika.

Kwa hiyo ningependa kuona nini? Ada kubwa ibaki kwa wanaofunga eneo kwa harusi, matangazo na video za muziki. Mpiga picha wa peke yake apewe kibali cha mwaka cha bei nafuu, ambacho anapewa baada ya kusomewa masharti: hakuna kucheza sauti, hakuna kugusa kiota, hakuna flashi kwa bundi, hakuna kulisha. Masharti hayohayo yabandikwe langoni kwa Kiswahili, yawahusu wenye simu pia, na avunjaye atolewe nje hata kama kamera yake ni ya bei gani. Kuyasimamia hakutakuwa rahisi, kwa sababu askari ni wachache na msitu ni mkubwa. Ndiyo maana ningeunga mkono hata kufungwa kwa baadhi ya vijia wakati wa mvua, ndege wengi wanapotaga. Wenzangu watalalamika. Vijia vikifungwa mwaka mzima nitalalamika pamoja nao, lakini kwa miezi mitatu, nikijua kuna mayai ndani, niko tayari kupiga picha za vipepeo kwenye njia kuu.