Gari Langu Linaogopa Majani

Hivi ni nani aliyeliambia gari langu kwamba mimi sijui kupiga rivasi? Maana kirikuu nimeendesha, Canter iliyojaa mchanga nimeendesha, na kote huko nilirudi nyuma kwa shingo, vioo na Mungu. Leo nimejikusanya, nimeagiza gari la maana kutoka Japani, used lakini safi, lile la kubonyeza kitufe linawaka, na ghafla nimeshushwa cheo. Mimi nashika usukani tu. Anayeamua ni lenyewe.

Likiwaka, dada mmoja wa Kijapani anaongea. Mwanzoni nilidhani ananisalimia, nikawa namwitikia, "Salama, dada." Kijana mmoja anayejua mambo hayo akaniambia anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijachomekwa, yaani kadi ya kulipia barabara za kulipia za kwao. Dada yangu, hapa tunatoka Mwananyamala tunakwenda Kariakoo. Barabara ya kulipia ipi? Kila asubuhi ananidai kadi, kila asubuhi namwambia sina.

Huyo afadhali, akishasema ananyamaza. Balaa ni ukiweka R.

Kwenye bampa la nyuma kuna vidude vya mviringo, hizo ndizo sensa. Zinatoa mlio ambao sikio la binadamu halisikii, mlio unagonga kitu, unarudi, gari linapiga hesabu ya muda na kujua kitu kiko umbali gani. Sawa kabisa, elimu nzuri. Tatizo ni kwamba mlio ukirudi hausemi umegonga nini. Pale nyumbani nyuma ya gari kuna ukoka umerefuka baada ya mvua, na pembeni tuta la mchicha la jirani. Gari likiona mchicha linapiga pi, pi, pi, pipipipi, kisha linashika breki lenyewe, kwa nguvu, bila kuniaga. Juzi nilikuwa nimempakia mama mkwe kiti cha nyuma, ameshika trei ya mayai mapajani.

"Baba, umegonga?"

"Hapana mama, ni gari limefunga breki."

"Kwani anayeendesha si wewe?"

Hapo utamjibu nini mama mkwe? Yuko kimya, anahesabu mayai.

Nikasema ngoja nisome kitabu cha gari. Kilichokuja nalo ni cha Kijapani, nikatafuta cha Kiingereza kwenye intaneti. Jamani, someni vitabu vya magari yenu. Kimeandikwa wazi kwamba sensa zinaweza kuchanganyikiwa kwenye majani marefu, kwenye barabara ya kokoto, kwenye mvua kubwa, zikipakwa tope, na zikiwa karibu na honi, injini za pikipiki au breki za upepo za magari makubwa. Nikakifunga. Majani, kokoto, mvua, tope, honi, bodaboda na mabasi! Si wangeandika Dar es Salaam tu, wakaokoa karatasi?

Na kuna ukurasa mwingine wa vitu ambavyo sensa zinaweza zisivione kabisa: kamba, waya, vitu vya chini sana, na nguo, kwa sababu nguo inaumeza ule mlio. Sasa nikaelewa kisa cha kanga. Mke wa jirani alikuwa ameanika kwenye kamba, mimi narudi taratibu, gari kimya, limetulia, linaniamini. Nikatoka mpaka barabarani. Kufika kwenye kituo cha mafuta naona watu wananicheka, kumbe nimepita mtaa mzima na kanga imenasa kwenye waipa ya nyuma, imetandazwa vizuri kabisa, imeandikwa MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Na mimi nilikuwa napunga mkono kwa majirani.

Kisha kuna mtaro. Huu ndio unaoniuma zaidi. Uswahilini kwetu adui wa rivasi ni mtaro wa maji machafu usio na mfuniko, unakusubiri pale nyuma. Kuta zinaonekana, mtaro hauonekani. Nikadhani, basi, gari linaloogopa mchicha, mtaro si litazimia? Wapi! Sensa zinatafuta kilichosimama, na shimo halijasimama. Tairi la nyuma liko ukingoni, gari halijakohoa hata mara moja. Aliyeniokoa ni mtoto wa darasa la pili aliyekuwa analamba askrimu ya mfuko. "Anko, mtaro!"

Kamera ipo, usiniulize. Ina mistari yake, kijani, njano, nyekundu, inapendeza sana Januari kukiwa kukavu. Mvua za masika zikianza, kinachoonekana kwenye skrini ni tope lenye mistari mitatu ya rangi.

Zamani nilikuwa namaliza yote haya kwa kufungua mlango kidogo, natoa kichwa, naangalia tairi langu kwa macho yangu mawili niliyopewa na Muumba. Hili gari ukifungua mlango likiwa kwenye R, na mkanda umeufungua ili uchungulie vizuri, linajipeleka lenyewe kwenye P, linafunga breki ya mkono na kuandika maneno ya Kijapani mekundu. Nadhani ni matusi. Nyuma yako bajaji inapiga honi, na honi nayo, kama tulivyosoma, inazichanganya sensa.

Sipingi usalama, msije mkaninukuu vibaya. Marekani tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya lazima liwe na kamera ya nyuma, na sheria ile ilitokana na watoto waliokuwa wakikanyagwa uani na wazazi wao wenyewe. Ulaya nako, tangu Julai 2024, kila gari jipya lazima litambue kilicho nyuma yake. Mzazi yeyote hapo ananyamaza. Ninachodai ni kwamba aliyelifundisha gari woga huu angekuja kwanza Kariakoo. Lina rada pembe za nyuma, kazi yake kuangalia kama kuna chombo kinapita ubavuni wakati natoka kwenye maegesho. Kinapita, ndiyo! Kinapita sasa hivi, kilipita kabla, na kingine kinakuja kimebeba magodoro. Gari linataka njia iwe nyeupe ndipo litoke. Kariakoo njia inakuwa nyeupe usiku wa manane, na hata hapo kuna mkokoteni.

Kuna kitufe cha kuzima. Unakizima, unatoka, una raha. Ukizima gari na kuliwasha tena, limesahau mliyokubaliana. Fundi umeme mmoja kule gereji akaniambia, "Mkuu, nikukatie waya? Elfu ishirini tu." Nikamuuliza, taa za dashibodi? Akasema zitawaka zote, lakini hiyo pia anaiziba, kwa selotepu nyeusi.

Basi nikarudi kwa teknolojia ninayoiamini. Wale vijana wa maegesho. Nikamwita mmoja, akakimbia nyuma ya gari, akavua kofia, akaanza: "Rudi bosi! Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Kata yote!" Nikakata yote. Gari likafunga breki. Kwa nini? Kwa sababu kuna mtu nyuma. Nani? Yeye! Anayesema rudi ndiye gari linayemkataa. Akisogea, gari linasogea, akisimama, linasimama. Nikamwambia kaa pembeni. Akikaa pembeni haoni mtaro.

"Bosi, hili gari halinipendi."

"Halimpendi mtu."

Nikaweka D, nikatafuta sehemu ya kutokea mbele, nikazunguka mtaa mzima mpaka Msimbazi. Kabla sijaondoka akaja dirishani.

"Jero yangu, mkuu."

"Jero ya nini, na rivasi hatujapiga?"

"Nimesimama nyuma, gari likasimama. Kama siyo mimi ungekuwa mtaroni."

Nikampa buku, nikamwambia chenji abaki nayo.