Ukianza Kuua Panya wa Kisiwani, Umalize

Kila panapotangazwa kwamba kisiwa fulani kitamwagiwa chambo cha sumu ili panya wote wafe, mabishano huwa yaleyale: hawa wanasema ni ukatili, wale wanasema ni uhifadhi. Mimi niko na wale wanaoua. Sharti langu ni moja, nalo silegezi: wauawe wote, kisha wawepo watu na pesa za kuhakikisha hawarudi. Kazi ya nusunusu ndiyo ukatili wenyewe.

Anayeona maneno haya ni makali na aangalie yanayotokea Gough, kisiwa cha Uingereza kilichojitenga kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Panya wadogo wa majumbani walifika huko karne ya 19, wamejificha kwenye meli za wawinda sili. Hawakukuta paka wala nyoka. Wakazaana, wakawa wakubwa kuliko ndugu zao wa kwingineko, na chakula kilipoadimika majira ya baridi wakajifunza kula makinda ya ndege wa baharini. Kinda la albatrosi hukaa kwenye kiota cha chini kwa miezi mingi, likisubiri wazazi warudi na chakula kutoka baharini. Uzito wake ni mara mia kadhaa ya uzito wa panya. Hata hivyo panya wanapolipanda usiku na kuanza kulitafuna, halipigani wala halihami. Vizazi vyote vilivyolitangulia havikuwahi kukutana na mnyama wa namna hiyo, kwa hiyo halijui la kufanya. Usiku unaofuata wanarudi kwenye kidonda kilekile. Linaweza kuchukua siku kadhaa kufa, na kamera zimeyanasa haya waziwazi. Albatrosi wa Tristan, ambaye karibu wote huzaliana Gough, hutaga yai moja tu, tena si kila mwaka.

Mwaka 2021 helikopta zilimwaga chambo kisiwa kizima. Desemba ya mwaka huohuo panya akaonekana kwenye kamera, na hakuwa peke yake. Naunga mkono kazi irudiwe, lakini kwanza ijulikane kwa nini waliosalia walisalia.

Maana tumeshaona kinachofuata pakiwa na waliosalia. Kisiwani Henderson, katika Bahari ya Pasifiki, chambo kilimwagwa mwaka 2011. Panya makumi ya maelfu walikufa. Waliopona, kwa makadirio ya wataalamu, hawakufika mia. Mimba ya panya ni wiki tatu tu. Haikupita miaka mingi kisiwa kikajaa upya, na makinda yakaanza kuliwa kama kawaida. Wale makumi ya maelfu walikufa bure, na hilo ndilo linaloniumiza.

Sumu yenyewe si jambo la kufumbia macho. Inayotumika zaidi, brodifakumu, huzuia damu isigande, na mnyama huvuja damu ndani kwa ndani kwa siku kadhaa. Ndege wanaokula mizoga nao hufa. Macquarie, kisiwa cha Australia kilicho katikati ya njia ya kuelekea Antaktika, walikufa kwa mamia. Anayetetea kazi hii inampasa ayaseme haya mwenyewe, asisubiri kuumbuliwa. Mimi nayakubali kwa sababu maumivu hayo yana mwisho, ilhali yale ya makinda hurudi kila msimu. Lakini hoja hii inasimama pale tu kazi inapokamilika.

Macquarie ina funzo lingine pia, la mpangilio wa kazi. Paka waliokuwa wakiwamaliza ndege walitokomezwa mwaka 2000. Sungura, waliokuwa wakiliwa na paka hao, wakaongezeka, hasa kwa kuwa virusi vilivyokuwa vikiwapunguza navyo vilikuwa vimepungua makali. Wakatafuna majani mpaka miteremko ikabaki udongo mtupu, na mwaka 2006 maporomoko yakawafukia pengwini. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na safari hii Waaustralia waliyaoga: takribani dola milioni 25 za Australia, sungura na panya wa kila aina kwa mpigo mmoja, halafu wawindaji na mbwa wakapita kila bonde kuwasaka sungura wachache waliobaki. Baada ya yule wa mwisho waliendelea kusaka kwa zaidi ya miaka miwili bila kupata kitu. Mwaka 2014 ndipo wakatangaza kwamba wamemaliza.

Miaka hiyo miwili ya kutafuta kisichokuwepo ndiyo wafadhili wengi hawapendi kuilipia. Hakuna picha nzuri ya mtu anayetembea mvuani asipate panya.

Lord Howe, kisiwa kingine cha Australia, chenye wakazi mia chache, kinaonyesha kwa nini ilipiwe. Panya wakubwa waliingia huko mwaka 1918 meli ya Makambo ilipokwama ufukweni, na aina tano za ndege zikatoweka. Kazi ya kuwatokomeza ilipoanza mwaka 2019, baada ya mabishano ya miaka baina ya wakazi wenyewe, vituo vya chambo viliwekwa hadi ndani ya nyumba. Ndege wa kahawia asiyeruka, anayepatikana hapo tu, alikamatwa karibu wote na kufungiwa mabandani hadi hatari ipite. Sasa idadi yake imepita ya mwanzo. Mwaka 2021 wakaonekana panya wawili, mmoja dume na mwingine jike mwenye mimba. Kwa kuwa mbwa wa kunusa na wahudumu walikuwa bado wapo, msako ulianza mara moja. Wangekuwa wameshafungasha mizigo, Lord Howe leo ingekuwa Henderson ya pili.

Ndiyo maana nikisoma mpango wa aina hii huanzia mwisho wa bajeti. Natafuta mshahara wa anayekagua mizigo bandarini na chakula cha mbwa wa kunusa, si kwa mwaka wa uzinduzi tu bali kwa miaka kumi mbele. Kama fungu hilo halipo, sitauunga mkono mpango huo, hata kama helikopta ziko tayari kuruka.